CRP ya mwanangu imefika 142 siku mbili baada ya upasuaji wa moyo, hiyo si sepsis?

Swali limetoka kwa mama ambaye mwanawe ana miezi minane na kilo sita. Juzi asubuhi mtoto kazibwa tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo, kifua kilifunguliwa na mashine ya moyo na mapafu ikambeba kwa dakika 95. Mama ananiandikia akiwa amekaa pembeni ya kitanda ICU. Kabla ya upasuaji CRP, protini ya kwenye damu inayopanda mwili ukijeruhiwa au ukipata maambukizi, ilikuwa 3, jana asubuhi 48, leo asubuhi 142. Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu cha kutafuta dalili za bakteria, jana 4.1, leo 2.3. Chembe nyeupe 17,400, chembe sahani, zile za kugandisha damu, 110,000. Homa usiku wa kwanza ilifika 38.1, leo ni 37.4. Madaktari wamemwambia "tulitegemea, tunasubiri" na hawajabadili antibayotiki, halafu shangazi wa mtoto, ambaye aliwahi kufanya kazi maabara, kampigia simu akamwambia CRP ikishapita 100 hiyo ni sepsis, bakteria wapo kwenye damu, wabane hao madaktari. Anauliza: mwanangu anaisha huku watu wanasubiri?

Mama, pole sana, na hongera kwa kuivuka ile juzi, maana najua saa zile za kukaa nje ya mlango wa chumba cha upasuaji zinavyokwenda. Nakujibu kwanza alafu ndo nieleze. Namba ulizonipa zinafanana sana na za mtoto aliyeshuka kwenye mashine na anaendelea kupona, na hiyo 142 inayokunyima usingizi ndo namba ya aina ninayotegemea kuikuta siku ya pili. Kilichonipa moyo zaidi ni ile namba uliyoitaja harakaharaka kama vile haina kazi, prokalsitonini iliyotoka 4.1 ikaja 2.3. Damu ni moja, siku ni moja, lakini kipimo kimoja kinapanda na kingine kinashuka, na jibu lako liko hapohapo.

Kwanza nini kilimpata mtoto juzi. Damu yake tangu azaliwe haijawahi kugusa kitu kingine zaidi ya ule utando laini wa ndani ya mishipa yake mwenyewe. Juzi ikatolewa, ikapitishwa kwenye mipira ya plastiki, kwenye pampu, kwenye vichujio na lile pafu la bandia, ikarudishwa mwilini, ikatolewa tena, dakika 95 bila kupumzika. Plastiki kwa damu ni mgeni na damu haina subira na wageni. Kuna protini za kinga zinaitwa komplementi, hizo zinawaka ndani ya dakika chache, chembe nyeupe zinaamka na kuanza kung'ang'ania kuta za mishipa hasa kule kwenye mapafu, chembe sahani zinanata kwenye mipira. Hapo bado moyo wenyewe, ambao ulisimamishwa ukakaa bila damu kwa muda halafu ukafunguliwa na damu ikarudi na oksijeni yake kwa mkupuo, na huko kurudi kwenyewe kunaumiza nyama ya moyo. Bado mfupa wa kifua uliopasuliwa. Bado utumbo, ambao ukipata damu pungufu kuta zake zinalegea na masalia ya bakteria wa kawaida wa tumboni yanapenya kidogo kuingia kwenye damu. Yote hayo asubuhi moja, na bila maambukizi ya aina yoyote. Hii hali ya mwili kuwaka na kuvimba ukijihami ndo tunaita inflamesheni, na maambukizi ni sababu moja tu kati ya nyingi zinazoiwasha.

Na watoto wadogo wanaipata kali kuliko sisi. Piga hesabu na mimi: mtoto wa umri huo ana damu kama mililita 80 kwa kila kilo, kwa hiyo mwanao ana mililita 480 hivi, mwili mzima, haijai hata chupa ya nusu lita. Mtu mzima ana kama lita 5. Sasa mashine haiwezi kuanza ikiwa tupu, lazima ijazwe kwanza maji ya dripu na mara nyingi damu ya kuchangiwa, na kwa kichanga aliyezaliwa juzi hicho cha kujazia kinaweza kikalingana na damu yake yote au kuizidi. Yaani damu ya mtoto inazimuliwa na inakutana na eneo kubwa la plastiki ukilinganisha na udogo wake. Ndo maana ulimkuta jana kope zimevimba mpaka macho hayafunguki vizuri na vidole kama vimejazwa maji, mishipa midogo inavuja kwa muda. Siku hizi timu nyingi mwisho wa upasuaji humchuja mtoto maji ya ziada kwa mashine hiyohiyo kabla hawajamtoa, njia iliyoanzia hospitali ya Great Ormond Street London mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hilo limepunguza sana ile mivimbe tuliyokuwa tunaiona zamani.

Hili la mashine kuwasha mwili si jambo la kubahatisha. John Gibbon ndiye wa kwanza kufanikiwa kuitumia kwa mgonjwa, Mei 1953 Philadelphia, na mwaka uliofuata kule Minnesota Walton Lillehei akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikifikiria nanyamaza: kwa kuwa mashine za wakati ule hazikuaminika, alimuunganisha mtoto na mzazi wake, moyo na mapafu ya mzazi vikafanya kazi ya watu wawili wakati anamziba mtoto tundu kama hilohilo la mwanao. Mashine zikaboreshwa, ikawa kila siku, lakini watoto wengine walikuwa wanatoka moyo umetengenezwa vizuri kabisa halafu mapafu na figo vinagoma. Mwaka 1983 James Kirklin na wenzake wakapima ile komplementi kwenye damu za wagonjwa wakaonyesha inavyopanda kwa ajili ya mashine, na kwamba ikipanda sana, mashine ikikaa muda mrefu na mgonjwa akiwa mdogo zaidi, ndo hatari ya viungo kusumbua inaongezeka. Kwahiyo wanaomwangalia mwanao walijua kabla ya kumpeleka ndani kwamba atawaka. "Tulitegemea" waliyokwambia si neno la kukutuliza tu.

Sasa twende kwenye saa, maana mimi hivi vipimo navisoma kwa saa. Namba bila saa kwa mtoto wa upasuaji wa moyo haina maana kwangu, nesi akiniambia CRP ni 142 swali langu la kwanza ni imetoka saa ya ngapi tangu mashine izimwe.

Zile chembe zilizoamka zinatuma ujumbe mwilini, na mjumbe mkuu anaitwa intalukini-6, utaiona imeandikwa IL-6. Hii inapanda upesi, kilele chake ni ndani ya saa chache baada ya kutoka kwenye mashine, na kesho yake kwa watoto wengi imeshashuka sana. Wapo wajumbe wengine wanaowasha, IL-8 na wenzake, na yupo IL-10 ambaye kazi yake ni kusema basi, tulieni, naye anapanda saa hizohizo. Hospitali nyingi hazipimi hawa wajumbe kila siku, ni zaidi vipimo vya watafiti, kwahiyo usipoviona kwenye karatasi yako usidhani mtoto kanyimwa kitu.

IL-6 inafika kwenye ini. Ini likipata huo ujumbe linaanza kutengeneza CRP, lakini kiwanda hakiwaki papo hapo, inachukua kama saa 6 ndo ianze kuonekana kwenye damu, inapanda siku nzima, inapanda na siku ya pili, kilele kiko kati ya saa 48 na 72. Unaona kinachotokea? Mjumbe alishaondoka, ini bado linamalizia kazi aliyoliachia. CRP ya leo asubuhi inakusimulia habari za juzi. Na baada ya upasuaji wa moyo si ajabu kabisa kuona 100, 150, hata zaidi, kwa mtoto ambaye hana bakteria popote. Hata upasuaji usiotumia mashine huipandisha, kidonda chenyewe kinatosha.

Shangazi usimlaumu, ana sababu ya kusema alichosema. CRP iligunduliwa mwaka 1930 na Tillett na Francis kwenye damu za wagonjwa wa nimonia, kwahiyo tangu siku ya kwanza ilijulikana kama kitu cha maambukizi, na kwa mtoto aliyetoka nyumbani na homa hajakatwa popote, CRP ya 142 hata mimi ingeninyanyua kitini na ningetafuta bakteria mpaka niwapate. Kosa ni kuichukua sheria ya mtoto wa homa ukaipeleka kwa mtoto wa siku ya pili ya kifua kufunguliwa. Ini linawaka namna ileile, aliyeliwasha ndo tofauti.

Prokalsitonini saa yake ni nyingine. Inapanda mapema, saa 4 mpaka 6 unaiona, kilele kwa watoto wa mashine ni kama siku ya kwanza, na kiwanda kikifungwa inapungua nusu kwa kila saa kama 24. Mtoto mzima wa afya anakuwa na chini ya 0.1 na kwa homa za kawaida madaktari wengi wanaanza kushtuka ikipita 0.5, lakini baada ya mashine inaweza ikaruka ikafika kadhaa bila maambukizi, kwahiyo ile 4.1 ya jana peke yake isingenikimbiza. Ninachoangalia ni leo. 4.1 kwenda 2.3 ndani ya siku moja ni karibu nusu, ndo mwendo wa kitu kilichoacha kutengenezwa. Kama bakteria wangekuwa wanaendelea kumwagika kwenye damu ya huyu mtoto, kile kiwanda kisingefungwa, tungeona 4 inakwenda 8, inakwenda 15. Kwahiyo pale uliposoma "kimoja kinapanda kingine kinashuka" ukaona mchanganyiko, mimi nasoma kitu kimoja: tukio limeshapita, kipimo chenye saa fupi kimeshajua, chenye saa ndefu bado hakijapata habari.

Tahadhari mbili kwenye prokalsitonini. Figo zikiwa zimechoka inashuka taratibu zaidi. Na maambukizi ya sehemu moja, mfano kidonda juujuu kimeanza kutoa usaha, yanaweza yasiipandishe sana, kwahiyo ikiwa chini usiache kufunua bandeji ukaangalia kwa macho.

Chembe nyeupe 17,400 siku ya pili sina shida nazo, mwili ukipasuliwa unazimwaga kutoka kwenye akiba, na kama mtoto alipewa steroidi, dawa za kupoza inflamesheni, wakati wa mashine ndo kabisa, steroidi zinazipandisha na wakati huohuo zinaweza kuipoza CRP, waulize kama alipewa. Nikigusa hapohapo: kwa miaka mingi timu nyingi zimekuwa zikitoa steroidi kwa imani kwamba ukizima huu moto mtoto atapona vizuri zaidi, ina mantiki, mimi mwenyewe niliamini. Halafu mwaka 2022 ukatoka utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STRESS, watoto wachanga 1200, nusu wakapewa methilipredinisoloni nusu maji tu, na kwenye lile swali kuu faida haikuthibitika. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa kuweka gesi ya naitriki oksaidi kwenye mashine ya moyo na mapafu, watoto zaidi ya 1300, nao haukupunguza siku za kukaa kwenye mashine ya kupumulia. Mimi hayo yamenifundisha kitu kuhusu swali lako pia. Kuishusha namba na kumponya mtoto ni mambo mawili, unaweza ukafaulu la kwanza na la pili likabaki palepale.

Chembe sahani 110,000 ni zile zilizozimuliwa na zilizonata kwenye mipira. Siku ya pili na ya tatu ndo chini kabisa, zitaanza kurudi zenyewe na wiki ya pili usishangae zikizidi hata kawaida. Zikirudi halafu zikaanguka tena kuanzia siku ya 5 na kuendelea na mtoto yuko kwenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, hapo ulizia, kuna tatizo la hiyo dawa linalofanya hivyo. Na kama wataandika kwamba limfosaiti, aina moja ya chembe nyeupe, ziko chini usiogope mara moja, tezi ya thaimasi imekaa mbele ya moyo na mara nyingi lazima kipande chake kitolewe ili daktari aufikie, na ndo shule ya hizo chembe.

Sasa yale ambayo yangenifanya nisikae. Mtoto mmoja siwezi kumsahau, kichanga wa kike, upasuaji wake ulikuwa mgumu, mashine zaidi ya saa tatu. CRP siku ya pili 170, ya tatu 150, ya nne 95, ya tano 60. Mlima mzuri kabisa unashuka. Nilimchorea baba yake kwenye karatasi ya nyuma ya fomu, mstari unapanda unateremka, nikamwambia tuko hapa. Siku ya sita asubuhi nesi wa usiku, kabla hata majibu hayajarudi, akaniambia huyu mtoto leo simpendi. Maziwa aliyokuwa anamaliza ameacha robo tatu, anasinzia katikati ya kunyonya, miguu ya baridi wakati chumba kina joto. Tukafunua mrija wa shingoni, pale unapoingilia kwenye ngozi pana duara jekundu la upana wa kifungo cha shati. Majibu yakarudi: CRP 118, prokalsitonini iliyokuwa imefika 0.6 sasa 5. Mrija ukatolewa, damu ikapelekwa kuoteshwa, dawa zikaanza ndani ya saa hiyohiyo, na kesho yake bakteria akaota kwenye chupa. Alipona. Ile 118 ilinitisha kuliko ile 170, na ukielewa kwanini basi umeelewa karibu yote ninayotaka kukwambia: 170 ilikuwa kwenye nafasi yake, 118 ilikuwa inapanda mlima wa pili ambao hakuna aliyeutegemea.

Kwahiyo kwa mwanao: kesho CRP ikibaki palepale au ikaongezeka kidogo, bado niko sawa. Siku ya nne nataka kuiona imeanza kuteremka. Nusu ya CRP huondoka kwa kila saa kama 19 ini likishaacha kuitengeneza, ila halifungi kiwanda kwa siku moja, kwahiyo usikae na kikokotoo ukaogopa ikishuka taratibu, teremko ndo tunalotafuta hata kama si la kukimbia. Ikigoma kushuka mpaka siku ya tano au ya sita, au ikashuka halafu ikageuka, au prokalsitonini ikageuka kupanda, hapo tunaanza kumpekua mtoto: kifua, kidonda, mirija, mkojo, mapafu.

Na mtoto anakuja kabla ya karatasi. Kuna upande mwingine ambao CRP haiutazami kabisa. Usiku wa kwanza, kati ya saa 6 na 18 baada ya mashine, moyo uliokatwa na kushonwa unaweza kuchoka, mkojo unapungua, ngozi inakuwa na mabaka, asidi ya laktiki, ile inayojaa kwenye damu viungo visipopata damu ya kutosha, inapanda, na mtoto yuko hatarini kwelikweli huku CRP yake ni 40 tu kwa kuwa ndo kwanza imeanza safari. Nimewahi kumsikia mzazi akishukuru namba imetoka nzuri dakika ambazo sisi tulikuwa tunahangaika na dawa za kuusaidia moyo. Na mtoto ambaye ini limedhoofika sana anaweza kushindwa kuitengeneza CRP hata akiwa na maambukizi makubwa. Mwanao wewe umeandika kwamba ametolewa mpira wa kupumulia jana jioni, anakojoa, homa imeshuka kutoka 38.1 mpaka 37.4, na leo amekushika kidole. Hicho kidole mimi nimekipa uzito mkubwa.

Kwanini hawajabadili antibayotiki. Zile alizopewa ni za kinga, zinaanza kabla ya kisu na kwa kawaida zinasimamishwa ndani ya saa 48, kazi yake ni kulinda kidonda. Kuweka kali zaidi kwa ajili ya namba ambayo ina maelezo yake si bure kwa mtoto wa kilo sita, baadhi zinaumiza figo ambazo tayari zimetoka kufanya kazi ngumu, zinafuta bakteria wazuri wa tumboni, zinawafungulia njia fangasi, na zinabakiza bakteria sugu wodini, ambao ndo watakaompata mtoto wa kitanda cha pili. Na kubwa zaidi, ukishamwaga dawa kila mtu anatulia, hakuna anayetafuta tena. Ila kusubiri kuwe na sura. Una haki kabisa ya kuuliza, na wala usiulize kwa kubana kama shangazi alivyosema, sema hivi tu: dokta, mnasubiri kuona nini, na kitu gani kikitokea mtabadili uamuzi? Timu inayojua inachofanya itakujibu kwa sentensi mbili, na utalala angalau saa mbili.

Kabla sijasahau, angalia kizio. Maabara nyingine zinaandika CRP kwa miligramu kwenye lita, nyingine kwenye desilita, na tofauti ni mara kumi. Baba mmoja mtoto wake alihamishwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine, kule ilikuwa 14, huku ikatoka 130, akakimbia koridoni analia kwamba wamemharibia mtoto. Kumbe ile 14 ilikuwa ya desilita, maana yake 140, mtoto alikuwa anashuka. Hakuna aliyekuwa amemwelekeza, na iliniuma sana kwa sababu ilikuwa jambo la dakika moja.

Mkiruhusiwa kwenda nyumbani kuna dirisha jingine la kulijua. Kuanzia kama wiki ya kwanza mpaka ya sita baada ya upasuaji, baadhi ya watoto wanapata homa upya, wanakuwa na kero, wakubwa wanalalamika kifua kinauma wakilala chali, CRP inapanda tena na maji yanajaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Mara nyingi si bakteria, ni kinga ya mwili inaushambulia huo mfuko uliojeruhiwa, na dawa zake ni za kutuliza inflamesheni, lakini maji yakiwa mengi yanaubana moyo, kwahiyo homa ya kipindi hicho si ya kumalizwa na panado na kulala. Apimwe moyo kwa ultrasaundi. Vilevile kidonda kikiwa chekundu zaidi badala ya kufifia, kikitoa majimaji, au ukisikia mfupa wa kifua unagonga akibebwa, rudi siku hiyohiyo. Na homa yoyote isiyoeleweka miezi ya mwanzo, usikubali aanzishiwe antibayotiki kabla damu haijachukuliwa ya kuoteshwa, maana kukiwa na maambukizi ndani ya moyo na dawa zikatangulia, bakteria anajificha na tunabaki tunakisia.

Kwa leo tafuta daftari. Usiandike namba peke yake, andika na saa damu ilipochukuliwa, na mstari wa chini andika alikunywa maziwa kiasi gani na alikojoa mara ngapi. Mashine ilizimwa juzi saa ngapi? Muulize nesi, iko kwenye faili, iandike juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, uanze kuhesabia hapo. Kesho kutwa nitumie picha ya huo ukurasa.